Hodhi la Bi Mwanaheri

Kezia alikuwa mke wa fundi seremala kwa miaka kumi na minane, na katika nyumba yake kitu pekee kilichotoka mikononi mwa mumewe kilikuwa kitanda. Makarius alitengeneza milango ya watu, madawati ya shule, viti vya kanisani, majeneza. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko la Kasulu na kila aliyejenga mjini alimjua. Lakini mkewe aliosha vyombo uani, chini, ameinama juu ya mabeseni mawili ya plastiki, moja la sabuni na moja la kusuuzia, kuku wakimzunguka kutafuta ukoko wa ugali. Mgongo ulikuwa ukimsumbua tangu alipojifungua mtoto wa mwisho. Alikwisha kumwomba Makarius mara nyingi amtengenezee meza yenye mahali pa kukaa maji, aoshe amesimama kama binadamu. Makarius alimjibu kila mara kwamba akimaliza kazi za watu atafanya. Kazi za watu hazikuisha.

Mwishoni mwa mwaka 2012 nyumba ya jirani ilipata wapangaji wapya. Walikuwa Rabia, bibi shamba aliyehamishwa kutoka Kibondo, pamoja na mama yake mzazi, Bi Mwanaheri. Kwao kulikuwa Muheza, Tanga. Rabia alikuwa na miaka thelathini na nane, ameachika, anaendesha pikipiki ya ofisi huku mtandio wake umefungwa vizuri chini ya kofia. Kiswahili chake kilitiririka. Kezia alikijua Kiswahili cha shule ya msingi na cha sokoni. Kwao Heru Juu walizungumza Kiha, na mpaka leo akikasirika maneno ya Kiha ndiyo yanayotangulia. Alipokuwa anasimama na Rabia langoni alijiona mzito wa ulimi, na akirudi ndani alikuwa anakumbuka maneno aliyopaswa kuyasema.

Hakumchukia. Walipeana chumvi, walipeana moto. Rabia alimwita Mama Nathaniel, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na siku za Idi alimletea pilau kwenye bakuli lenye mfuniko. Kezia alilirudisha bakuli limejaa maharage mabichi. Lakini alikuwa anamtazama. Aliona jinsi muuza maji anavyoshusha ndoo kwa Rabia kwanza. Aliona kanga zinazoanikwa. Aliyahesabu yote hayo moyoni kana kwamba yametolewa kwake yakapelekwa upande wa pili wa ua.

Bi Mwanaheri alikuwa ameanguka walipokuwa Kibondo, akavunjika nyonga, na mfupa ulipounga mguu ulibaki mgumu. Daktari alimwambia Rabia amkalishe mama yake kwenye maji ya moto kila asubuhi, yafike kiunoni, nusu saa nzima. Rabia alinunua beseni kubwa kuliko yote sokoni, likapasuka mara ya pili mama alipolikalia, akaumia. Alitaka kujenga hodhi la saruji bafuni, mwenye nyumba akakataa kuvunjiwa sakafu. Na saruji nayo, alisema Bi Mwanaheri, inanyonya moto wa maji kabla hujavua nguo. Ndipo Rabia alipokwenda karakana kumuuliza Makarius kama mbao zinaweza kushika maji.

Makarius alilichukua swali lile kama mtu aliyekuwa akilisubiri maisha yake yote. Babu yake kule Heru Juu alikuwa mchongaji wa umuvure, ile mitumbwi mifupi ya kukamulia ndizi za pombe, na Makarius alikua akiiona ikikaa na pombe siku nzima bila kupoteza tone. Lakini gogo la kutosha mtu mzima halikupatikana. Ikabidi liwe la mbao. Alipanda gari kwenda Ujiji, akashinda siku mbili kwa mafundi wa mitumbwi akitazama wanavyosokota pamba iliyolowekwa mawese na kuishindilia kwenye viungo kwa patasi butu. Aliporudi alinunua mbao nene za mninga kutoka kwa mtu wa Kitahana, akazipiga randa mwenyewe, ubao mmoja akiuchimba mfereji na mwingine akiuacha ulimi, uingie humo. Hakugusa kazi nyingine kwa wiki tatu. Jioni alirudi nyumbani na vumbi jekundu kwenye nyusi, akala, akachora hodhi kwa kidole mezani.

Kezia alikitazama kile kidole. Miaka yote hiyo hakuwahi kuchorewa kitu.

Hodhi lilipokamilika lilibebwa na wanaume sita. Lilikuwa fupi, refu kwenda chini, lenye benchi ndani la kukalia na ngazi ya nje ya kupandia, na tundu chini lenye kizibo cha mti kilichovingirishwa kitambaa. Siku ya kwanza lilivuja kila upande. Kezia alikuwa amesimama mlangoni mwa bafu pamoja na majirani wengine, na alipoona maji yanatambaa sakafuni alisikia raha fulani, akaificha kwa kusema pole. Makarius hakushtuka. Aliwaambia waliache na maji, waliongeze kila yanapopungua, kwa kuwa mbao zikinywa zitavimba na kubanana zenyewe. Siku ya tatu sakafu ilikuwa kavu. Masharti yake yalikuwa machache: lisikae bila maji zaidi ya siku mbili, lisisuguliwe kwa mchanga, lipakwe mafuta kwa nje, na kila wiki lioshwe kwa maji ya ndimu ili lisiote utelezi.

Likafanya kazi. Sufuria mbili kubwa za maji ya moto zilitosha, na moto wake ulidumu mpaka Bi Mwanaheri mwenyewe anachoka kukaa. Kufikia Pasaka alikuwa anatembea na mkongojo hadi langoni. Watu wakaanza kuja kulitazama. Mzee Saady, mwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, aliagiza mawili. Daktari mmoja aliagiza sinki la mninga kwa ajili ya jiko lake. Makarius alikuwa anapita kwa Rabia kila Jumamosi kukagua viungo, na baada ya kukagua alikalishwa, akapewa chai ya tangawizi, akazungumza na Bi Mwanaheri mambo ya mbao na mitumbwi. Kezia aliwasikia kupitia ua wa matete. Makarius alikuwa anacheka. Nyumbani alikuwa mtu wa kula na kulala.

Siku moja Kezia alimuuliza wazi kama anakwenda kwa hodhi au kwa mwenye hodhi. Makarius alimtazama kwa mshangao wa kweli, akamwambia asijitafutie ugonjwa. Kezia akamuuliza, na ombi lake je, lile la meza ya kuoshea vyombo, aliloomba tangu watoto wakiwa wadogo. Makarius akasema, "Linakuja." Ni lile lile jibu la siku zote, na Kezia hakuuliza tena.

Julai mwaka 2013, Rabia alipata likizo. Yeye na mama yake waliamua kwenda Muheza wakafunge Ramadhani na ndugu na kurudi baada ya Idi, wiki tano zote. Alimletea Kezia ufunguo wa nyumba. Akamwomba, kwa heshima, amwagilie maua ya Bi Mwanaheri na atie hodhini ndoo tatu kila baada ya siku mbili, na magunia yaliyofunika kingo yabaki na majimaji. Kezia alisema sawa, waende salama, wamsalimie bahari. Rabia akacheka, akamwambia kwao bahari ni mbali kidogo.

Ule ulikuwa wakati wa kiangazi. Bomba la mtaani lilitoa maji mara mbili kwa wiki, na siku nyingine ilibidi kushuka bondeni kwenye chemchemi na kupanda na ndoo kichwani. Kezia alifanya alichoahidi. Kila alipomimina ndoo ya tatu alifikiria kwamba ameteka maji ya kuogesha mbao, na mbao zenyewe zimetengenezwa na mumewe, na mtu anayeyaoga yuko Muheza anakula futari.

Wiki ya pili, asubuhi moja ya baridi, Makarius yuko kazini na watoto wamekwenda shamba, Kezia alichemsha sufuria mbili za maji kwake, akazibeba moja moja, akazimimina juu ya maji ya hodhini, akafunga mlango wa Rabia kwa ndani. Akavua. Akapanda ngazi ile, akakaa kwenye benchi.

Hakuwahi katika maisha yake kukaa ndani ya maji ya moto. Alioga kwa kopo, kama watu wote, na maji ya kopo yanapita tu na kuacha ngozi ikisisimka kwa baridi. Haya yalimshika. Yalipanda mpaka mbavuni, mgongo ukalegea mahali ambapo haukulegea kwa miaka, na mninga ulitoa harufu tamu kidogo. Alikaa mpaka vidole vikakunjamana. Alilia, akajisikia mjinga kwa kulia.

Alipotoka, alipokuwa anajifuta, ndipo wivu wenyewe ulipokuja. Ule wa mwanzo ulikuwa wa kuona tu, na sasa alijua ni kitu gani alichonyimwa. Alifikiria Bi Mwanaheri akikipata kila asubuhi, hata siku asizoumwa, na mikono ya mumewe ikipapasa zile kingo kila Jumamosi. Alifungua kizibo ili maji aliyoogea yatoke. Yalipoisha alitakiwa kutia mengine. Alifunga mlango akaenda kuosha vyombo uani, ameinama.

Kesho yake alijiambia atakwenda jioni. Kesho kutwa kulikuwa na mahindi ya kupukuchua. Siku ya nne alijua kabisa anachokifanya, na hakwenda. Maua aliyamwagilia, kwa kuwa yalikuwa nje na watu waliyaona.

Siku kumi na moja zikapita. Alipofungua mlango alikuta hodhi limepauka kama mfupa. Viungo vilikuwa vimeachana, pamba inaning'inia, na ubao mmoja wa pembeni ulikuwa umepasuka kutoka juu mpaka karibu na chini. Hofu ikamwingia. Alikimbia na ndoo, akamimina, maji yakatoka yote kwa mfululizo. Alijaribu siku nne. Baadhi ya viungo vilianza kubana, lakini ule mpasuko haukufunga, na hodhi halikukaa na maji hata kwa saa moja. Akaliacha.

Rabia na mama yake walirudi katikati ya Agosti. Makarius aliitwa jioni ile ile. Alipiga magoti kando ya hodhi, akapitisha kidole kwenye ufa. Aliporudi nyumbani alimuuliza mkewe swali moja.

"Maji ulikuwa unatia?"

"Nilitia," Kezia akasema. "Yalikuwa yanatoka."

Makarius akaamini. Hakuwa na sababu ya kutoamini. Kwa akili yake basi kosa lilikuwa lake: viungo vilifunguka kwanza, maji yakatoka, ndipo mbao zikakauka na kupasuka. Rabia naye aliliona hivyo. Alikuwa na uchungu kwa ajili ya mama yake, na pale dukani kwa Omary, mbele ya wateja, alisema fundi wa milango angebaki kwenye milango. Neno lile lilitembea. Mzee Saady alifuta mahodhi yake mawili. Mafundi wengine wa sokoni walisema wao walishasema tangu mwanzo. Makarius hakujitetea kwa mtu yeyote. Alikaa karakana na vipande vya mninga akijaribu viungo vidogo kwenye ndoo ya maji, akiandika tarehe kwa penseli kwenye kila kimoja, na akirudi nyumbani hakuchora tena kitu mezani.

Kezia aliliona hilo kwa wiki mbili. Alitaka Rabia apungukiwe, na aliyepungukiwa alikuwa mtu wa nyumbani kwake. Hata hivyo hakusema.

Jumapili baada ya ibada alikwenda kumsalimia Bi Mwanaheri. Rabia alikuwa kazini, kwenye semina ya wakulima. Mama yule alikuwa amerudia kukaa kitandani, mguu umenyooshwa juu ya mto. Walizungumza habari za Muheza, za machungwa, za wajukuu. Kisha Bi Mwanaheri akamwambia kwa sauti ya kawaida, bila kumkazia macho, kwamba siku waliyorudi yeye ndiye aliyetangulia kuingia bafuni, wakati Rabia analipa teksi.

"Chini ya benchi nilikuta utando wa buibui, Mama Nathaniel. Mkubwa, una wadudu waliokufa siku nyingi. Nikaufuta kwa mkongojo wangu. Rabia sijamwambia."

Kezia aliuliza kwa nini hakumwambia.

"Nimekaa na mke mwenza miaka ishirini," Bi Mwanaheri akasema. "Nayajua hayo. Lakini mumeo anasingiziwa, na mimi sitanyamaza milele. Mwambie wewe."

Jumatatu Kezia alikwenda karakana. Ilikuwa mara chache yeye kufika pale. Alimkuta Makarius ameweka kitu kirefu juu ya meza ya kazi, anakikata kwa msumeno vipande viwili. Kilikuwa cha mninga, kimechimbwa mabeseni mawili yaliyokaa pamoja, kingo zake zimesuguliwa kwa msasa mpaka zinang'aa, upande mmoja umechongwa mifereji ya kuchuruzishia maji ya sahani. Kipande cha kwanza kilikuwa kimeshaanguka kwenye vumbi la mbao. Alimuuliza hiki ni nini na ni cha nani.

Makarius hakusimamisha msumeno. Alisema lilikuwa sinki lake yeye Kezia. Alilianza Rabia alipoondoka, kwa mbao zilizobaki, alitaka liwe tayari Idi itakapopita. Lakini hawezi kumpa mkewe kitu kitakachopasuka kama kile kingine. Atatoa viti viwili vifupi humo, angalau mbao zisipotee.

Kezia aliushika msumeno kwa mkono, mahali penye meno. Akasema kwa Kiha, maana kwa Kiswahili yasingetoka: hodhi halikufunguka lenyewe, hakutia maji, aliacha siku kumi na moja kwa makusudi.

Makarius aliuachia msumeno. Alimuuliza kwa nini.

"Wivu," akasema. "Niliona unampenda yule kuliko mimi. Au hodhi lake. Sijui. Nililikalia siku moja, nikaona sitaweza kulivumilia."

Makarius alikaa kwenye rundo la mbao. Alikuwa mtu asiyepaza sauti, na hakupaza. Alisema kwamba wiki mbili hizi ameshika kila ubao akitafuta alikosea wapi, na alikuwa ameanza kufikiri kwamba hajui kazi. Kisha akasema, "Mimi sitakwenda kumwambia Rabia. Utakwenda wewe, kwa mdomo wako." Akaokota kipande kilichoanguka, akakipangusa, akakiweka kando. Kidole cha Kezia kilikuwa kinatoka damu. Alimpa kitambaa, lakini hakumfunga.

Kezia alikwenda kwa Rabia jioni ile ile. Rabia alimsikiliza amesimama, bado amevaa viatu vya kazini vyenye udongo. Kezia alisema yote, hata ile siku ya kuoga. Rabia akamtazama mama yake, na kwa uso wa mama yake akajua kwamba naye alikuwa anajua.

"Nimemtukana mumeo mbele za watu," alisema mwishowe. "Itabidi niyafute pale pale nilipoyasema, na nikiyafuta watauliza ni nani basi. Sitadanganya. Wewe nipe ufunguo wangu."

Kezia alikuwa ameufunga kwenye pindo la kitenge. Vidole vilichukua muda kufungua fundo.

Rabia alifanya alivyosema. Alikwenda dukani kwa Omary, akaenda kwa Mzee Saady, akaeleza. Kwa hiyo mtaa mzima ulijua. Pale chemchemi wanawake walimpisha Kezia na kunyamaza, na mmoja alimuuliza kama ndoo hiyo ni ya kutia au ya kutotia. Alivumilia. Makarius alilifungua hodhi lote, akabadilisha ule ubao uliopasuka, na Kezia ndiye aliyesokota pamba na kuiloweka mawese, siku mbili, mikono ikawa myekundu mpaka kiwiko. Kwa muda wa mwezi mumewe alizungumza naye yale ya lazima tu. Hapakuwa na siku moja ya kusema wamepatana. Ilikuja polepole, kama mguu wa Bi Mwanaheri ulivyolegea tena. Mzee Saady hakurudisha agizo lake. Daktari alilichukua sinki lake.

Mwaka uliofuata Makarius alianza sinki jingine, akaliweka jikoni juu ya miguu imara, pipa dogo lenye koki juu yake, na mpira wa kupeleka maji machafu kwenye migomba. Kezia alijifunza tabia zake. Sufuria ya chuma ikiachwa ndani na maji inaacha doa jeusi. Chungu kinachotoka motoni hakiwekwi humo. Kila jioni linapanguswa, na wakisafiri hata siku tatu linaachiwa maji. Ni kazi zaidi ya beseni la plastiki, lakini sahani ikiponyoka haivunjiki, na anaosha amesimama.

Mapema mwaka 2015 Rabia alirudishwa Kibondo. Bi Mwanaheri alikuwa amekwisha kwenda Muheza kuishi na mwanawe wa kiume, anatembea bila mkongojo. Tangu jioni ile Rabia hakumwachia tena Kezia ufunguo, ingawa salamu hazikukatika na bakuli la pilau liliendelea kuja. Siku ya kuondoka walikumbatiana langoni. Hodhi lilikuwa zito mno kwa lori lililojaa vitu. Kezia alikuwa amejiambia, bila kumwambia mtu, kwamba huenda yeye ndiye atakayeachiwa. Rabia alimpa Mwajabu, mke wa Omary mwenye duka, mwanamke mwenye afya ya kubeba gunia, ambaye alilitaka kwa kulitaka tu.

Kezia aliwatazama wanaume wakilivusha barabara. Aliingia ndani, akamkuta Makarius anakunywa uji, akamwambia kwamba ule wivu umerudi, umemshika hapa, akaonyesha chini ya koo.

Makarius aliweka kikombe. Akamuuliza kama ni wa kuharibu au ni wa kusema tu.

Kezia alifikiri kwanza. "Ni wa kusema tu," akajibu, akavuta kiti, na akaanza kusema.